Ndama wa Johana

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao wahenga hawakuwahi kutembea na Johana. Njia yake ilizunguka ziwa lote, ikapanda kilima, ikateremka upande wa pili, na mkewe Janeffer akaifuata hatua kwa hatua akisaga meno.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita. Jumatatu yake, Daktari Kebaso wa Kapkatet alikuwa amempima Johana presha, akaipima tena, kisha akavua miwani. Dawa alimpa, lakini alisema dawa peke yake haitatosha.

"Mzee, utembee. Saa nzima kila alasiri, polepole, bila mzigo. Na usikasirike. Mshipa mmoja wa kichwani ukipasuka, hatutakuwa na la kufanya." Halafu akamgeukia Janeffer. "Mama, hiyo ya kukasirika nakuachia wewe."

Janeffer angecheka kama asingekuwa anaogopa. Alikuwa ameishi na Johana miaka ishirini na sita. Kumwambia asikasirike ni kama kuiambia mvua ya Kericho isinyeshe saa kumi.

Na kutembea nako kulikuwa na shida yake. Vijiji vya huku, mtu hatembei tu. Mtu huenda. Huenda kituoni kupeleka majani ya chai, huenda kisimani, huenda kanisani, huenda matangani. Mkikutana njiani swali la kwanza ni unaenda wapi, na mtu mzima asiye na jibu huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni: huenda ni mwizi anayechungulia maboma ya watu, huenda ni mchawi, huenda kichwa kimemruka. Au ni mgonjwa. Na mgonjwa ndicho kitu ambacho Johana hakutaka kabisa kuitwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo cha majani, mtu ambaye akikohoa, foleni inanyooka. Aanze kuwaambia watu kwamba ametumwa na daktari kuzunguka maji halafu arudi alikotoka? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hilo mwambie mwingine. Siku ya kwanza alibeba jembe begani. Siku ya pili alibeba shoka, jirani akamwomba amsaidie kuangusha mti, na alirudi nyumbani akihema kuliko alivyotoka. Siku ya tatu na ya nne hakutoka kabisa. Leo alikuwa amechukua kamba.

"Ya nini?" Janeffer aliuliza.

"Ya ndama."

"Ndama gani?"

"Aliyepotea."

Ndama wao wote wawili walikuwa zizini wakitafuna. Janeffer aliwatazama, akamtazama mumewe, akafunga kinywa. Alikuwa na neno kubwa la kusema siku hiyo, na hakutaka kuimalizia pumzi yake kwenye kamba.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Saa kumi alasiri ile ile, Alfayo na mkewe Adoyo wangefika nyumbani kwao kuja kumposa Chepngeno, binti yao wa kwanza, kwa ajili ya kijana wao Ooko. Alfayo alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Alikuja kutoka upande wa Ziwa Viktoria akiwa kijana, na mvi zake zote zilimwotea hapa. Zamani yeye na Johana walikuwa wakisalimiana kwa mikono miwili. Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili, Wakipsigis na Wajaluo wakachomeana nyumba kule mpakani. Wawili hao hawakukosana. Walianza tu kusalimiana kwa kutikisa kichwa, na miaka minne sasa hakuna aliyekuwa ameurudisha mkono. Tena Johana alikuwa ameshatamka mezani, zaidi ya mara moja, kwamba binti yake hataolewa na mwanamume ambaye hakupitia jandoni na rika lake halijulikani.

Chepngeno alikuwa amemwambia mama yake Jumanne. "Mwambie Baba wewe," alisema. "Akisikia kwa wageni atapasuka." Zamani hilo lingekuwa neno la kusema tu. Sasa Janeffer alikuwa akiliona kila akifumba macho: wageni wamekaa sebuleni, Alfayo ameanza kuzungumza, na mshipa wa kipaji cha Johana umesimama.

Basi alijaribu. Jumanne usiku Johana alilala kabla ya sahani kuondolewa. Jumatano alikuwa amegombana na karani wa mizani. Alhamisi aliwasha redio. Ijumaa alisema kichwa kinamgonga, na ni nani atakayemwongezea aliye na kichwa kinachogonga? Imebaki leo, saa nane na nusu, na njia ya ziwani. Janeffer alivaa kabisa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe, maana akirudi hangekuwa na nafasi ya kubadili. Nyumbani Chepngeno alibaki akipangusa viti.

"Mbona umevaa hivyo?" Johana aliuliza langoni.

"Si tunatafuta ndama?" alijibu Janeffer.

Ziwa lenyewe ni bwawa tu. Wazungu wa mashamba makubwa walilichimba zamani, wakaondoka wakaliacha, na watu wakalipandisha cheo. Lakini ni pazuri. Chai inashuka mpaka ukingoni, kijani juu ya kijani, na mikaratusi imesimama upande wa juu, miguu yake karibu majini. Njia ni ya udongo mwekundu, tambarare, mahali ambapo hata mtu mwenye presha anaweza kusikia habari mbaya bila kuanguka. Ndivyo Janeffer alivyokuwa amepanga. Kitu ambacho hakuwa amepanga ni kwamba Johana, kama wanaume wote wa rika lake, alitangulia mbele hatua kumi na mkewe akabaki nyuma. Habari kama ile huwezi kuiambia kisogo.

Aliharakisha akamfikia. Johana, alipoona mtu ubavuni, naye akaharakisha.

"Daktari alisema polepole!"

Johana akapunguza mwendo, shingo upande. Wakawa sawa. Bata wawili wa mwitu walikuwa wakielea karibu, upepo umetulia. Sasa, alijiambia Janeffer.

"Baba Chepngeno, kuna jambo."

"Sema."

"Chamgei!" ilisalimu sauti nyingine. Alikuwa Kipsang, jirani yao wa boma la chini, akisukuma baisikeli yenye mitungi mitupu ya maziwa. "Mnaenda wapi?"

"Tunatafuta ndama," alisema Johana.

Alisema vizuri, kwa uso mkavu, na Janeffer alidhani Kipsang atasikitika kisha apite. Lakini kwa Wakipsigis ng'ombe aliyepotea si wa mtu mmoja. Kipsang aliegemeza baisikeli kwenye ua na kukunja suruali.

"Ya rangi gani?"

Hilo Johana hakuwa amelifikiria. "Nyeusi," alisema. Halafu, kwa kuwa uongo hutamani kunona, akaongeza, "Iko na baka nyeupe."

"Wapi?"

"Kichwani."

"Imepotea lini?"

"Asubuhi."

"Na hukupiga nduru! Mimi nitazunguka na upande ule wa matete, nyinyi zungukeni huu. Haiwezi kutuponyoka." Na Kipsang, mtu mwema asiye na hila hata ya kumtosha kuku, akaingia kwenye matope mpaka magotini.

"Unaona sasa?" Janeffer alisema.

"Naona nini?"

"Mtu wa watu anaingia kinamasini kutafuta ng'ombe ambaye hayuko."

"Ni mazoezi," alisema Johana. "Hata yeye yatamsaidia."

Janeffer alihesabu mikaratusi mitano ndipo akajiamini kufungua kinywa tena. "Ni habari ya Chepngeno."

"Haiko huku!" Kipsang alipaaza sauti kutoka ng'ambo ya maji.

"Endelea kuangalia!" Johana alimjibu kwa sauti kubwa. Kisha, kwa mkewe: "Chepngeno amefanya nini? Mshahara wa walimu umechelewa tena?"

"Hapana. Ni—"

"Nimeona nyayo! Aa, ni za mbuzi!" alipiga kelele Kipsang.

"Ni mgonjwa?" Johana aliuliza.

"Si mgonjwa. Baba Chepngeno, nisikilize, kuna watu—"

"Basi kama ni mzima, yatangoja. Nyamaza kidogo nipumue. Daktari alisema nipumue."

Akapumua. Alivuta hewa puani kama alivyofundishwa, akaitoa mdomoni, mikono nyuma, kamba ikining'inia, akitazama maji kama mtu aliyeyanunua. Siku tano zote alikuwa amekataa kila neno la daktari, na leo ameamua kulitii hili moja. Janeffer alihisi machozi ya hasira yakimpanda. Ilikuwa hasira ya miaka ishirini na sita ya kuongea na kisogo, redio, gazeti la zamani, na mgongo ulioelekea ukutani. Angeweza kumsukuma majini. Aliwaza hivyo waziwazi, akaona aibu, kisha akawaza tena.

Njia iliacha maji, ikaanza kupanda kilima. Pale juu palikuwa na boma la Tecla, mjane mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Ukisimama mlangoni kwake unaliona ziwa lote, na siku ya leo ungemwona pia Kipsang, mdogo kama siafu, akipekua matete.

"Mnaenda wapi, wanangu?" aliuliza Tecla.

"Tunatafuta ndama, mama."

Tecla alikitazama kitambaa cheupe cha Janeffer. Akalitazama koti la Johana. Akawatazama mume na mke waliofika pamoja, alasiri, wakiwa safi. Akaweka gunzi chini, na uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe ndiyo hiyo! Karibuni, karibuni. Nelvine! Leta viti! Leta maziwa!"

Janeffer alielewa papo hapo. Wazee wa Kipsigis wakienda kuposa hawasemi tumekuja kumtaka binti yenu, hayo ni maneno ya watu wasiofunzwa. Husema wanatafuta ndama wao, kwamba nyayo zimeingia boma hili, na mwenye boma, akipenda, hujibu kwamba huenda amemwona. Johana mwenyewe aliwahi kuyasema alipomposea mdogo wake. Lakini Johana wa leo alikuwa ameketi, amenyoosha miguu, ameshukuru Mungu kwa kiti.

"Mmekuja mahali pazuri," alisema Tecla. "Haijawahi kuugua. Inaamka kabla ya jogoo."

"Ni vizuri," alisema Johana, akidhani bibi kizee anamsifia ng'ombe wake.

"Tabia nzuri. Haipigi kelele, haizururi."

"Ya kwangu inazurura," alisema Johana kwa huzuni.

"Baba Chepngeno," alisema Janeffer.

"Ngoja. Iko na miaka mingapi, mama?"

"Kumi na tisa."

"Ndama ya miaka kumi na tisa?"

Nelvine, binti wa boma hilo, alitoka jikoni na kibuyu, amejipaka mafuta, macho chini. Johana alimtazama. Akamtazama Tecla. Rangi ilimwondoka, ikarudi yote kwa pamoja, na Janeffer akautazama mshipa.

"Mama," alisema Johana, "kijana wangu Weldon yuko darasa la saba."

"Atakua," alisema Tecla.

Ilibidi wanywe maziwa, maana kuyakataa ni tusi. Ilibidi waulizane habari za ukoo mpaka ibainike kwamba hata hivyo isingewezekana, kwa kuwa bibi yake Johana na mume wa Tecla walikuwa wa ukoo mmoja. Ilibidi Nelvine arudi jikoni bila kuaibishwa, na hilo peke yake lilichukua robo saa. Walipoaga, mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mashamba na saa ya Johana ilisema saa kumi kasoro dakika ishirini.

Wakateremka. Johana mbele, Janeffer nyuma, kamba ikiburuzika katikati.

"Unasema uongo, hata hujui umesema nini," Janeffer alikiambia kisogo.

"Yule mama amezeeka."

"Yule mama amesikia ulichosema! Wewe ndiye husikii!"

Akaiinamia ncha ya kamba, akaishika, akaivuta. Johana akasimama ghafla pale mwanzo wa daraja la miti, mahali maji ya ziwa yanapotokea kuingia mtoni. Akageuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Janeffer aliuona uso wake wote.

"Nina neno," alisema, "na nitalisema sasa hivi, hata mbingu ianguke. Leo saa kumi—"

"Mzee Johana!"

Ng'ambo ya daraja alikuwa amesimama Alfayo, kofia kichwani, suti nyeusi, mwavuli mkononi. Nyuma yake Adoyo na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Walikuwa wameogopa mvua, wakatoka mapema. Walivuka mpaka katikati ya miti, na Alfayo, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amejifunza namna watu wa huku wanavyosalimiana, akauliza kama inavyoulizwa.

"Mnaenda wapi?"

Nyuma ya mumewe Janeffer alitikisa kichwa. Alitikisa mikono. Alimwita Mungu kimyakimya.

"Tunatafuta dama," alisema Johana kwa Kiswahili chake chenye lafudhi nzito ya Kikipsigis. "Imebotea tangu asupuhi."

Alfayo alivua kofia.

Kwa juma zima alikuwa amefundishwa maneno hayo na karani mmoja Mkipsigis wa kiwandani. Alikuwa ameyakariri kitandani, ameyakariri kwenye mashine, akiogopa atakosea na kufukuzwa. Na sasa baba wa binti mwenyewe ametoka nyumbani kwake, amekuja mpaka darajani na mkewe aliyevaa vizuri, na kamba mkononi, amempunguzia njia. Macho ya Alfayo yalilowa.

"Mzee," alisema, "ndama yako haijapotea. Imeonekana kwangu. Imependa nyasi ya kwetu, na hata sisi tumeipenda. Ndiyo tulikuwa tunakuja kukuambia."

Johana alikunja uso. Alijua ndama wake wote wawili walipo. "Ya rangi gani?" aliuliza polepole.

Adoyo ndiye aliyejibu, kwa upole wa mama. "Ni mweusi kidogo. Anafundisha darasa la tatu."

Maji yalipita chini ya miti.

"Hata huku haiko!" Kipsang alipiga kelele kutoka kwenye matete.

"Hakuna ndama!" Janeffer alilia. Sauti yake iliwarusha bata wote wawili. "Kipsang, toka kwenye matope, hakuna ndama! Ndama zote ziko nyumbani! Huyu ana presha, daktari amesema atembee, na yeye anaona haya kutembea! Tangu Jumanne natafuta mahali pa kumwambia neno moja, tangu Jumanne, na ananipa kisogo! Wote mnasikilizwa. Kipsang anasikilizwa, Tecla anasikilizwa, karani wa mizani anasikilizwa. Mimi naongea na mgongo. Na sasa nyinyi mmefika, na yeye hajui, na akianguka hapa nitasema nini?"

Akaishiwa na pumzi. Alikuwa amemuumbua mumewe mbele ya watu, tena mbele ya Mjaluo, na jambo hilo haliombewi msamaha kwa urahisi. Alimtazama kipajini. Mshipa ulikuwa umesimama.

Johana aliketi juu ya jiwe la daraja. Alivuta hewa puani. Akaitoa mdomoni. Akavuta tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na watu watatu wakasimama wakimhesabia bila kutaka. Kisha akaitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa.

"Gumbe," alisema mwishowe. "Gumbe ilikuwa imebotea kweli."

Alfayo hakujua kama ni ruhusa kucheka. Hakucheka.

"Sijasema ndiyo," Johana alimwambia.

"Hatujaisikia, mzee."

"Na mambo ya rika tutaongea. Tutaongea sana."

"Tumekuja kuongea."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kofia ambayo Alfayo alikuwa bado ameishika. Johana aliinuka, na kwa kuwa jiwe lilikuwa la chini na magoti yake yamechoka, alinyoosha mkono. Alfayo aliushika kwa mikono yake yote miwili akamvuta juu. Walibaki hivyo kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Mmeipata?" aliuliza Kipsang kwa mbali. Alikuwa amesikia kelele, si maneno.

"Tumeipata!" Johana alimjibu. "Rudi nyumbani, asante sana!"

Wageni walitangulia chini ya mwavuli. Johana na Janeffer wakafuata, na safari hii Johana hakuwa mbele hatua kumi.

"Nyumbani kuna mursik?" aliuliza kwa lugha yao, sauti ya chini.

"Kuna kibuyu kimoja."

"Cha siku ngapi?"

Janeffer angeweza kudanganya. Njia ilikuwa imejaa uongo, mmoja zaidi haungeonekana. Lakini alikuwa amechoka. "Siku nne."

Johana alihesabu. Maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu chenye mkaa siku nne hayakuwekewa watu wa nyumbani.

"Kwa hiyo Jumanne ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Na Jumatano. Na Alhamisi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia," alisema Janeffer. "Ulikuwa unatafuta ndama."

Mvua ilianza kupiga majani ya chai pande zote mbili za njia. Johana aliikunja kamba, akaitia mfuko wa koti, akapunguza mwendo mpaka mabega yao yakawa sawa.

"Haya," alisema. "Niambie sasa. Anzia Jumanne."